Kabla ya Kumnyang'anya Mtoto Kitabu

Makala hii tunaianza kwa kuungama kosa, na kosa lenyewe ni letu, tulilolitenda ndani ya nyumba yetu.

Asubuhi moja ya Jumamosi tulikuwa tukitandua vitanda ili mashuka yafuliwe. Chini ya godoro la binti yetu, aliye Kidato cha Tano, mkono ukagusa kitabu. Tukakifungua katikati, kama wafanyavyo wazazi wengi, tukasoma ukurasa mmoja tu. Ndani ya ukurasa huo mlikuwa na pombe, mlikuwa na mwanamke na mwanamume wasio mke na mume, na taarabu ikipigwa usiku wa manane. Hatukutaka zaidi. Tulikichukua, tukakifungia kabatini chini ya doti za kanga, na mtoto aliporudi kutoka kuteka maji tukamwambia maneno makali ambayo leo tunaona haya kuyaandika hapa. Yeye hakujibu kitu. Aliinamisha kichwa, akaenda kuanika nguo.

Siku ya nne yake alirudi kutoka skuli macho yamemvimba. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameuliza maswali juu ya riwaya inayotahiniwa, na darasa zima yeye peke yake ndiye aliyekuwa hana kitabu mkononi. Riwaya hiyo ilikuwa ile ile tuliyoifungia kabatini: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi.

Tulipomwuliza kwa nini hakusema siku ile kuwa ni kitabu cha masomo, alijibu kwa sauti ya chini: "Mama, hamkuniuliza."

Bibi yake, ambaye umri wake umepita themanini, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Hakumtetea mjukuu wala hakutulaumu. Aliuliza neno moja tu: "Na nyinyi, mmekisoma?"

Hatukuwa tumekisoma. Basi usiku ule, baada ya Isha, tulikitoa kitabu kabatini, tukakiwashia taa na kuanza ukurasa wa kwanza. Usiku wa tatu tulikuwa tumekimaliza. Siku ya pili yake tukaweka ahadi na watoto, mbele ya baba yao, kwamba katika likizo ile tutasoma pamoja riwaya za aina tatu ambazo vijana wanazipenda na wazazi wanaziogopa: za mapenzi, za upelelezi na za maajabu. Kila mmoja atasoma, kila mmoja atasema alionalo, na hakuna atakayetoa hukumu juu ya kitabu ambacho hajakifikisha mwisho. Haya tunayoyaandika leo ni mavuno ya likizo ile.

Safari ya Darajani

Kwa kuwa nyumbani tulikuwa na kitabu kimoja tu, tulikwenda Darajani kutafuta vingine. Kila mwenyeji wa Unguja anaijua Darajani: Soko Kuu lililosimama tangu mwaka 1904, wauza samaki na wauza viungo, na kanga zilizotundikwa hadi juu. Misahafu tuliipata, na juzuu za watoto wa chuoni, na vitabu vya dua na vya sala za sunna, na madaftari ya skuli kwa madazeni. Riwaya za Kiswahili zilitushughulisha. Tulizunguka duka hadi duka, tukaelekezwa huku na kule, na mpaka adhana ya Alasiri tulikuwa na vitabu viwili. Vilivyobaki tuliazima kwa jamaa na majirani. Bei ya kitabu kimoja ilikuwa sawa na kitoweo cha nyumba yetu kwa siku mbili, kwa hiyo hatumlaumu mzazi anayepita mbele ya duka la vitabu bila kugeuza shingo.

Tukiwa pale tuliwakumbusha watoto asili ya jina la mahali hapo. Zamani palikuwa na hori la maji ya bahari lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na juu yake pakawa na daraja la kuvukia. Hori limekwisha fukiwa na magari yanapita juu yake, lakini jina limebaki. Binti yetu akasema: "Basi hapa ndipo alipovuka Yasmin." Maneno hayo yalitufurahisha, kwani yalikuwa ya mtu aliyekisoma kitabu kwa moyo wake.

Riwaya ya mapenzi

Yasmin ndiye msichana wa Vuta N'kuvute, riwaya iliyotoka mwaka 1999 na ambayo mwaka 2021 ilitolewa filamu na Amil Shivji. Ni binti wa Kihindi wa Unguja ya miaka ya ukoloni, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, anayeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, ambaye umri wake unampita mara tatu. Hakuulizwa, na alipoozwa hakupata mtu wa kumsikiliza. Anapoikimbia ndoa hiyo na kurudi kwa watu wake, anafukuzwa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, mcheshi, mkarimu, mpenda starehe, ambaye mlango wake hauna masharti. Huko ndiko Yasmin anakokutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na anayewindwa na makachero wa serikali ya Kiingereza.

Tuseme kwanza lile lisiloturidhisha. Ndani ya kitabu hiki ulevi na mapenzi ya nje ya ndoa hupita kama mambo ya kawaida, na mwandishi hasimami kuyakemea. Mzazi Mwislamu anayempa mwanawe kitabu hiki bila ya kusema naye neno ameacha nusu ya kazi yake. Hilo tunalishikilia mpaka sasa, na binti yetu tulimwambia.

Lakini tulipofika mwisho tuliona jambo ambalo ukurasa ule mmoja wa katikati haukuweza kutuonyesha. Mashaka yote ya Yasmin hayaanzii kwa Mwajuma. Yanaanzia nyumbani kwao, siku wakubwa walipokaa wakapanga ndoa yake kana kwamba wanauza gunia la karafuu. Sheria yetu haikuliacha jambo hili wazi. Wanachuoni wametupokelea kisa cha Khansa bint Khidham, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeozwa na baba yake bila ya ridhaa yake, akaenda kumshitakia Mtume (s.a.w.), naye akaitengua ndoa ile. Yasmin hakupata wa kumshitakia. Kosa lililotendwa juu yake ni kosa katika dini kabla halijawa kosa katika riwaya, na waliolitenda walikuwa watu wa heshima zao.

Tulipokuwa tukizungumza hayo, binti yetu aliuliza swali: "Mama, Yasmin angekuja kugonga kwetu usiku ule, mngempokea?"

Baba yake alikohoa. Sisi tulinyanyuka kwenda kuitazama chai jikoni. Swali lile tuliliacha pale pale kwenye mkeka, na tutalirudia.

Riwaya ya upelelezi

Kijana wetu wa kiume, wa Kidato cha Pili, hakuwa na subira ya mapenzi. Yeye alitaka siri, maiti na mpelelezi. Tulimpa Mzimu wa Watu wa Kale, na tukamweleza jambo ambalo vijana wengi wa visiwani hawalijui: kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imezaliwa hapa hapa Unguja. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi wa mwaka 1918, mwandishi wa habari na mhariri wa magazeti, alishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958 kwa kitabu hicho, kikachapishwa mwaka 1960. Baadaye vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mzee wa kiko mdomoni, na sahibu yake ni Najum. Wanaomjua Sherlock Holmes wa Waingereza watamwona nyuma ya Bwana Msa. Lakini Bwana Msa anazungumza Kiswahili cha barazani, na watu anaowahoji ni watu wa mitaa yetu.

Kijana alilalamika kuwa watu wa kitabu kile wanazungumza sana na hakuna anayepiga risasi. Ni kweli, mwendo wake ni wa taratibu, na mara nyingine mambo yanakutana kwa bahati mno. Aliyezoea mwendo wa Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba aliyeanza kutamba mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, atamwona Bwana Msa kuwa mzito. Nasi tunakiri kuwa Musiba anajua kumshika msomaji asilale. Lakini kwa Willy Gamba tatizo humalizwa kwa bastola, na starehe na wanawake havimpitii mbali. Bwana Msa silaha yake ni kuuliza, kusikiliza na kutokubali upesi. Penye mauti yaliyotokea mzimuni, ambapo jambo jepesi kwa watu ni kuitupia mizimu lawama, yeye hatosheki mpaka apate mkono wa mtu.

Manufaa ya kitabu hicho tuliyaona kabla hatujakimaliza. Wiki ile fedha za upatu, ambazo tulikuwa tumezipokea kwa niaba ya wenzetu, hazikuonekana mahali tulipoziweka. Nyumbani kwetu kuna msichana anayetusaidia kazi, na wasomaji wanajua macho ya watu wa nyumba huelekea wapi katika saa kama hiyo. Neno lilikuwa limekwisha fika ulimini. Kijana wetu akatuzuia: "Mama, Bwana Msa angeuliza kwanza nani alikuwa wapi, na nani amezigusa mara ya mwisho." Tukaulizana, mmoja baada ya mmoja, kwa utaratibu. Fedha zilipatikana katika mfuko wa koti la baba yao, alikozihifadhi mwenyewe alipokwenda msikitini siku ya Ijumaa, kisha akasahau.

Allah Mtukufu ametuamrisha katika Sura ya Hujurat tuihakikishe khabari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Aya hiyo tumeisoma tangu utotoni. Tunaona haya kusema kwamba siku ile aliyetukumbusha kuitenda alikuwa mtoto mwenye riwaya mkononi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na yule msichana hakujua kamwe alivyokaribia kudhulumiwa.

Riwaya ya maajabu

Aina ya tatu ndiyo iliyoleta mjadala mkubwa. Baba watoto ana wasiwasi na vitabu vya maajabu. Amewaona vijana wa mjini wakisoma vitabu vya Harry Potter, vyenye skuli ya wachawi, na hoja yake ni moja: uchawi katika dini yetu ni dhambi kubwa, vipi uwe mchezo? Hoja hiyo hatuipuuzi. Tena hapa kisiwani, ambako kila mtoto amesikia habari za Giningi na wanaokwenda huko usiku, uchawi si hadithi ya mbali.

Bibi yao alicheka. Alisema kuwa yeye amelelewa kwa "paukwa, pakawa", kwa majini ya chupani na mazimwi yenye vichwa saba, na wala hapajatokea siku akalisujudia zimwi. Baba watoto hakutosheka. Akaipeleka hoja barazani, kwa ustadhi wake wa darsa la baina ya Maghrib na Isha. Ustadhi alimjibu kuwa wanachuoni wametafautiana juu ya visa vya kubuni, lakini hadithi ambayo msimuliaji na msikilizaji wote wawili wanajua kuwa ni ya kubuni, na inayobeba mazingatio, si sawa na uongo wa kumhadaa mtu. Akamtajia Maqamat za al-Hariri wa Basra, zilizosomeshwa karne kwa karne kwa ajili ya lugha yake, na Hayy ibn Yaqzan ya Ibn Tufayl wa Andalusi, kisa cha mtoto aliyekulia peke yake kisiwani mpaka akamtambua Mola wake kwa kutafakari. Vyote viwili ni vya kubuni, na vyote viwili vimeandikwa na Waislamu wenye elimu yao.

Tulichagua Kufikirika ya Shaaban Robert, kwa kuwa nayo imo katika masomo ya binti yetu. Nchi yenyewe haipo katika ramani yoyote. Mfalme wake ana kila kitu isipokuwa mtoto, na katika kumtafuta mtoto huyo anawaita waganga wa kila aina: wa mizizi, wa hirizi, wa makafara, wa mashetani na watabiri. Utabiri unakuja kudai damu ya watu ili mtoto wa mfalme apone, na akili inasimama kuupinga.

Baba watoto alikimaliza kitabu hicho kabla yetu. Aliogopa maajabu yatampeleka mtoto kwenye ushirikina, na mikononi mwake akakuta kitabu cha maajabu kinachoufedhehi ushirikina kuliko mihadhara mingi. Alichosema ni: "Huyu mzee wa Tanga alikuwa mjanja." Wenye kumjua baba watoto watajua kuwa hiyo ni sifa kubwa. Kasoro tuliyoiona ni kwamba watu wa Shaaban Robert huzungumza kama wanaohutubia, na kijana wa leo anahitaji subira kurasa za mwanzo. Subira hiyo ina malipo.

Baada yake tulisoma Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari mwenzetu, iliyotoka mwaka 2001. Humo babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake, kiongozi aliyeneemeka kwa kuwasahau watu wake, na kumtoa katika raha zake akayatazame aliyoyatenda. Imani yetu ni kwamba hakuna anayefufuka kabla ya Siku yake, na tuliwaambia watoto hivyo. Binti yetu alijibu kuwa mwandishi naye hakudai kinyume chake. Amemfufua babu kitabuni ili aliyelala duniani aamke. Kitabu hicho si chepesi. Kinaruka kutoka jambo hadi jambo, na tusingekishauri kwa mtoto aliye chini ya Kidato cha Nne. Kwa mtu mzima mwenye dhamana juu ya mali ya watu, tungekishauri leo kabla ya kesho.

Kitabu kilichotukutanisha

Likizo ikiwa ukingoni, jamaa mmoja alituazima Peponi, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyochapwa kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwandishi huyu mzaliwa wa kisiwa hiki alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na wengi wetu tulifurahi bila ya kuwa tumesoma hata ukurasa wake mmoja. Tafsiri imetuondolea udhuru.

Ni kisa cha mtoto Yusuf, anayetolewa na baba yake kuwa rehani ya deni kwa tajiri Aziz, mtu anayemwita ami na kumbe si ami yake. Anafanya kazi dukani, anakwenda safari za bara na misafara ya biashara, anakua, uzuri wake unamletea mtihani. Aliyesoma Sura ya Yusuf atatambua haraka mwandishi amechota wapi: kuna bibi wa nyumba anayemtamani, na kuna kanzu inayochanwa kwa nyuma.

Hapa palikuwa na kimya katika chumba chetu, maana kila mmoja alikuwa ameitambua kanzu ile. Kisha tukazungumza mpaka usiku mkubwa. Sisi tuliona kuwa Kur'ani yenyewe imetufundisha namna ya kusimulia matamanio: imetaja mwanamke, mlango uliofungwa na mtihani wa kijana, wala haikuficha kitu, lakini msomaji anatoka katika kisa kile akiwa na khofu ya Mungu na mapenzi ya usafi. Basi tatizo halimo katika kulitaja jambo. Limo katika njia linavyotajwa, na pale linapomwacha msomaji.

Jambo tulilotafautiana ni mwisho wa kitabu. Nabii Yusuf (a.s.) anatoka gerezani akiwa na heshima yake, Yusuf wa Gurnah anaishia kukimbia nyuma ya safu ya askari wa Kijerumani. Mwisho huo ulituuma, na tukasema mwandishi angeweza kumwachia kijana yule subira. Binti yetu hakukubali. "Mama, huyu si Nabii," alisema. "Huyu ni mtoto aliyewekwa rehani na baba yake, na hapana hata mmoja aliyemwambia kuwa yeye ni mtu huru. Mlitaka asubiri nini?" Hatukupata jibu la kumshinda, na mpaka leo kila upande umebaki na maoni yake. Lakini tulimtazama mtoto yule na tukajiuliza: tungeyasikia lini mawazo yake haya, lau kitabu cha kwanza kingebaki kabatini?

Na kipo tulichokiweka chini

Asije mtu akadhani tunasema kila kisomwacho kisomwe. Katika likizo ile ile tuligundua kuwa kijana wetu alikuwa akisoma katika simu hadithi inayotolewa vipande vipande, na kila baada ya vipande kadhaa msomaji hutakiwa kutuma pesa ili aletewe vinavyofuata. Hatukumnyang'anya simu. Tulikwisha jifunza. Tulimwomba tuisome naye, na tukaisoma, vipande kumi na mbili.

Hakuna kipande ambacho hakikuishia mlango wa chumba cha kulala, na nyuma ya mlango ule hapakuwa na mtu wa kumwonea huruma wala wa kumchukia. Palikuwa na mlango mwingine na nambari ya kutumia pesa. Kipande cha kumi na mbili kilipokwisha tulimwuliza kijana: "Jina la yule msichana wa mwanzo ni nani?" Alifikiri, akacheka kwa aibu, alikuwa amelisahau. Jina la Yasmin hakulisahau, ingawa kitabu kile alikisikia tu akikisomewa na dada yake. Hadithi ile ya simu aliiacha mwenyewe.

Basi haya ndiyo tunayowaletea wazazi wenzetu. Kitabu kisihukumiwe kwa aina yake, kwani katika mapenzi tumekuta haki ya mwanamke, katika upelelezi tumekuta uadilifu, na katika maajabu tumekuta vita dhidi ya ushirikina. Kisihukumiwe kwa ukurasa mmoja, kwani hata maisha ya mtu mwema yangefunguliwa katikati, ungeweza kuangukia siku yake mbaya. Tumtazame mtoto baada ya kukifunga kitabu: amezidi kuwaonea watu huruma, au amezidi kuwadharau? Anaweza kuzungumza nasi alichokisoma, au anakificha? Na ikiwa anakificha, tusianze kumwuliza yeye. Tuanze kujiuliza sisi tumemfanyia nini hata akaogopa. Pamoja na hayo sala ibaki mahali pake, na darsa, na kazi za nyumba. Riwaya haikutupunguzia kimojawapo, ila ilitupunguzia televisheni, na hatujaijutia.

Zamu inayofuata, inshaallah, ni Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, mwandishi wa kike wa Kizanzibari aliyeshinda Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2018. Kimekwisha azimwa, na safari hii hakikufichwa chini ya godoro. Kipo juu ya meza, na foleni yake imeanza kwa bibi.

Limebaki lile swali la Yasmin. Tuliendelea kulikwepa kwa siku nyingi, mpaka usiku mmoja, baada ya chakula, baba watoto akalirudia mwenyewe bila ya kuulizwa. Alimwambia binti yetu: "Ulituuliza kama angegonga kwetu. Tungemfungulia. Asubuhi tungekwenda kusema na watu wake, na kama wangemkataa, angebaki hapa."

Bibi yake, aliyedhaniwa kuwa amesinzia, akasema kutoka mkekani: "Lakini pombe angeiacha nje."

Tulicheka sote. Kisha binti yetu akaenda kukichukua kitabu chake, akakaa karibu na bibi, akaanza kumsomea tangu mwanzo.